Mbao za Theluji Kwenye Mchanga wa Mambrui

Kila mmoja wenu amesikia kipande. Huyu kasikia nimezikwa Kongowea, yule kasikia nimezuiliwa Mambrui nikipima mashamba ya watu, na jirani yangu wa msikitini aliniuliza, kwa adabu zote, kama ni kweli nilitaka kumgonga mke wangu kwa mbao. Nimechoka kusimulia barazani huku kahawa inapoa na kila mtu ananikatiza. Kwa hiyo nimeandika, tangu mlangoni kwangu Likoni mpaka juu ya kilima cha mchanga. Makosa nitayataja kila yalipotokea, na mengi ni yangu.

Kwa ambao hawanijui vyema: mimi ni Athumani, niliyekuwa nikifanya kazi kwenye ghala la mafuta Changamwe mpaka nikastaafu. Binti yangu Zuhura ameolewa Austria, katika kijiji kilichozungukwa na milima. Miaka mingi alinialika, nami nikamjibu kwamba baridi iliumbwa kwa wanyama wenye manyoya. Nilipokubali kwenda nilikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Zuhura akanivalisha buti ngumu, akazifunga juu ya mbao mbili nyembamba ndefu, akaniachia kwenye mteremko wa theluji. Huo mchezo wanauita skii. Nilicheka mpaka machozi yakawa baridi mashavuni, na papo hapo nikajua ni kiasi gani nilijinyima kwa ukaidi wangu.

Sasa nimeshakwenda mara mbili, nami nina kilema kimoja: napinda kushoto tu. Kulia mwili unakataa. Na kusimama, mimi husimama kwa hisani ya kitu kilicho mbele yangu. Mwaka huu theluji ilipoanza kuyeyuka na viti vya kupandia mlimani vikafungwa, kilichonisimamisha siku ya mwisho kilikuwa uzio wa ng'ombe. Zuhura alinikwamua kwenye waya, akasema taratibu, "Baba, mwakani utakaa dirishani na kikombe chako. Sisi tutakupungia mkono."

Yeye na mjukuu wangu Amina hushuka kutoka kileleni mpaka mlangoni kwao, kupitia msituni, safari ya nusu siku. Ndiyo niliyoitamani. Nikamwambia nitarudi najua kusimama na kupinda kulia. Lakini mke wangu, Bi Saada, alipopata habari za ule uzio, alitoa hukumu yake: "Mwezi wa kumi na mbili ukifika hujui kusimama, mbao hizi haziondoki Likoni. Na wa kusema unajua ni mimi, siyo wewe."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta natafuta theluji mahali ambapo hata barafu ya samaki haimalizi asubuhi.

Changamwe, kwenye vumbi la mawe

Jaribio la kwanza halikuhitaji safari. Nilimwaga maji ya sabuni kwenye sakafu ya ua wetu, nikavaa mbao, nikajisukuma. Bi Saada alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanikuta nimekumbatia pipa la maji. Alichota maji, akaisafisha sabuni yote, akarudi kwenye chungu chake. Nikaelewa kwamba ua umefungwa.

Ndipo nikamwendea Mutua. Mutua ni Mkamba aliyekuja Changamwe kuendesha malori ya mafuta tukiwa vijana, akasahau kurudi kwao. Ni mtu wa kanisa kila Jumapili, na kwangu mimi ni zaidi ya ndugu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, shida yako si theluji. Shida yako ni mteremko." Akanipeleka kwa jamaa yake anayefyatua matofali karibu na maegesho ya malori, mahali ambapo vumbi la mawe limerundikwa kufikia paa la nyumba.

Nilipanda lile rundo na mbao begani. Wafyatuaji wakaacha koleo zao.

"Babu anatafuta mtandao?" mmoja akauliza.

"Mwache, labda huko juu anapata," akajibu mwenzake.

Nilishuka vizuri sana, wallahi. Tatizo lilikuwa chini, ambako walikuwa wameanika matofali mabichi ya siku ile. Upande wa kulia ulikuwa mweupe, hauna kitu, na kulia ndiko nisikoweza. Nikayapita matofali yale katikati. Mwenye kazi akashika kichwa. "Mzee wangu! Hiyo ni oda ya watu wa Kiembeni!"

Nilimtaka radhi, nikavua buti, nikamwambia mimi na mwenzangu tutamfyatulia mengine. Tulifyatua mpaka jua likapoa. Yetu yalitoka manene upande mmoja na membamba upande wa pili, na mwishowe yule bwana akatuomba, kwa upole, tumsamehe yeye na twende nyumbani.

Tulipokuwa tunajipangusa barabarani Mutua akasimama ghafla. "Mimi nimewahi kupeleka saruji Mambrui," akasema. "Kule mbele ya Malindi. Kuna mchanga hapo, mzee. Si rundo. Ni milima, na hakuna mtu anaanika kitu chini yake."

Likoni mpaka Kongowea

Nakuja kwenye kosa kubwa la safari yote.

Asubuhi ya kuondoka Bi Saada alizitazama mbao zilivyoegemea ukuta, na rangi zake za kung'aa. "Sitaki Likoni nzima ione mume wangu anapeleka vitu vya barafu kwenye jua," akasema. Akatandika mkeka, akaweka mbao, fimbo mbili na buti katikati, akauviringisha. Juu yake akazungusha shuka jeupe, safi, lililopigwa pasi. Kisha akafunga kwa vitambaa: ncha hii, ncha hii, na katikati. Mimi niliyeshiriki mazishi ya nusu ya mtaa sikuona lolote. Nilimsifu kwa mafundo mazuri.

Mutua alikuwa ameshavuka kuja kunichukua. Yeye akashika mbele, mimi nyuma, mzigo ukawa begani. Njiani kwenda kivukoni watu walisimama tulipopita. Ndani ya feri walitupisha, jambo ambalo halijanitokea tangu nizaliwe. Bwana mmoja alinishika mkono kimya, akatikisa kichwa. Nikadhani ni heshima ya mvi zangu.

Tuktuk ilitupeleka mpaka karibu na soko la Kongowea, huku mzigo umechomoza pande zote mbili. Lori la rafiki yake Mutua, lililoleta maembe tangu alfajiri na sasa linarudi Malindi tupu, lilikuwa upande wa pili wa soko. Malori yalikuwa yamefunga njia. Tukashuka, tukaubeba tena mzigo, tukaingia sokoni kwa miguu.

Mkokoteni wa kwanza ulisimama. Wa pili ukasimama nyuma yake. Kelele za soko zikapungua, kama mtu anayepunguza redio. Wapagazi wa bara walivua kofia zao, wa kwetu wakavaa zao. Mtu mpana wa kifua akaja ubavuni mwangu, akaingiza bega lake chini ya mzigo. "Nipe nami nipate thawabu, mzee wangu." Mwingine akampokea Mutua. Nyuma yao wakajipanga wengine wakingoja zamu, na tahlili ikaanza, sauti za chini, za pamoja.

Mnajua desturi yetu. Jeneza likipita huulizi ni la nani. Unaacha ulichoshika, unatia bega, unasindikiza hatua chache. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua kinywa. Lakini bega langu lilikuwa likiniuma tangu Likoni, na mzigo ulikuwa umeondoka juu yake. Nikajiambia, hatua mbili tatu, kisha nitawaeleza. Hatua mbili tatu zikazaa nyingine, na kadiri tulivyokwenda ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mazito.

"Mwepesi, mashallah," akasema aliye mbele. "Kama unyoya. Huyu alikuwa mja mwema."

"Au aliugua sana, maskini," akajibu wa nyuma.

Mutua akaning'ata sikio. "Mzee, wanabeba nani?"

"Tembea."

"Mimi nitacheka."

"Inamisha kichwa."

Mama mmoja muuza nyanya akajifunika mdomo kwa ncha ya leso. "Poleni, jamani. Ni mtoto?"

Mutua, ambaye hajui kumnyamazia mtu, akamjibu, "Hapana, mama. Ni mrefu kidogo."

Tulifika kwenye lori tukiwa msafara. Dereva alipotuona alishuka na kusimama wima. Wale wapagazi wakauinua mzigo kwa mikono yote, taratibu, kichwa kwanza, na fundo la mwisho la Bi Saada likalegea. Likadondoka buti. Nyinyi hamjaziona buti zile: za plastiki ngumu, rangi ya machungwa, zina vifungo vya chuma, na zinafika nusu ya muundi. Likaanguka kwenye matope katikati yetu, likasimama wima.

Tahlili ikakatika. Mpagazi mmoja mwenye ndevu nyeupe akaliinamia, akalitazama, akanitazama mimi.

"Marehemu alikuwa mwanajeshi?"

Nikasema yote. Nikawaambia hakuna maiti, ni mbao za kutelezea theluji, nami ni mzee mpumbavu aliyeona haya kusema. Kijana mmoja akafoka kwamba ameacha vitunguu vyake njiani kwa ajili ya mbao. Alikuwa na haki. Kisha yule mpana wa kifua akaanza kutikisika, kicheko kikamtoka, na wote wakafuata, wengine wakishikilia magurudumu ya lori wasianguke. "Mwepesi kama unyoya!" wakarudia. "Mja mwema!"

Niliporudi kutoka safari nilipita tena Kongowea makusudi, nikawatafuta, nikawaomba radhi kwa mara ya pili, maana ya kwanza ilizama kwenye vicheko. Yule mwenye ndevu alinisikiliza. "Sisi nia yetu ilikuwa njema, tumelipwa," akasema. "Wewe utajibu mwenyewe kwa kunyamaza."

Kongowea mpaka Mambrui

Lori tupu huruka kama mbuzi. Mimi nilikaa mbele na dereva, Mutua akakaa nyuma kulinda "marehemu", jina ambalo mbao hazijaliacha mpaka leo. Tulivuka Kilifi salama. Mbele kidogo, tukikaribia Matsangoni, gurudumu la nyuma likapasuka, na la akiba likaonekana nalo halina upepo. Dereva akalibeba kwa bodaboda kulipeleka kwa fundi, akituahidi kurudi sasa hivi. Sasa hivi ya madereva mnaijua.

Hatukuumia. Kando ya barabara alikuwapo mama aliyepika sima na mchunga, ile mboga chungu ya kwao, ameitia tui zito mpaka uchungu umebaki kwa mbali tu. Mutua alionja, akakunja uso, akaonja tena, akaomba sahani ya pili. Baada ya hapo tukaletewa korosho za moto zilizochomwa pale pale. Nilikuwa nimejilaza kivulini mwa lori, nimeshiba, nikiwaza mteremko, simu ilipolia.

"Baba Zuhura." Ilikuwa sauti ya Bi Saada, ya chini mno. "Uko hai?"

"Niko hai. Kwani vipi?"

"Basi waambie hawa kina mama waliojaa sebuleni kwangu."

Mtu wa Likoni aliyekuwa Kongowea alikuwa ametuona kwa mbali, hakungoja buti. Alipiga simu kwamba maiti imetoka nyumbani kwa Athumani. Habari ilipovuka feri ilikuwa imeshakuwa maiti ya Athumani. Kina mama wakaja na mikeka, wakaja na sukari na majani ya chai, na mmoja alikuwa ameshaanza kuuliza kisomo kitakuwa lini.

Bi Saada akaifungulia simu sauti. "Sema," akaniamuru.

"Asalaam aleikum, mabibi," nikasema. "Mimi mzima, alhamdulillahi."

Kukawa na mnong'ono. Nikamsikia mmoja akisema, "Sauti ni kama yake, lakini siku hizi simu hazina uhakika."

Nilimweleza Bi Saada kisa cha Kongowea, na sikuficha kwamba nilinyamaza. Alinyamaza naye, kwa muda mrefu kuliko wangu. "Nimelia, Athumani," akasema mwishowe. Hajawahi kuniita jina langu tupu tangu Zuhura azaliwe. "Kabla hujapokea simu, nimelia mbele ya watu. Kesho utaniona." Akakata.

Korosho zikanishinda. Mutua alinitazama, akazila zote.

Gurudumu lilipozibwa, dereva akatupitisha Malindi na kutufikisha mpaka Mambrui jua limeelemea magharibi. Mwenyeji wetu alikuwa Kahindi, Mgiriama aliyewahi kuwa utingo wa Mutua, ambaye sasa anafuga mbuzi na analima shamba dogo lililopakana na mchanga. Alitupokea kwa wali wa nazi na kunde, na kabla sijaketi akaniuliza kwa nini nimekuja na fito. Mutua akamwambia nitateleza. Kahindi akaitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa.

Kabla ya kulala nilizipaka mbao mafuta ya nazi, safi, tabaka mbili. Kule milimani hupakwa nta, nami nikaona mafuta ni nta isiyoganda. Kosa jingine.

Juu ya mchanga

Sikieni sasa. Mambrui mchanga hauko chini, umesimama. Unapanda kutoka pwani, ukafika juu ya minazi, ukashuka upande wa pili kwa mteremko mmoja laini, hauna mti, hauna jiwe, upepo umeuchora mistari midogo midogo. Asubuhi ile, baada ya mihogo ya nazi na chai ya rangi, nilisimama juu yake nikaona rangi tu ndiyo iliyokosewa. Moyo ulinidunda kama siku ya kwanza kule Austria.

Nilichomeka fimbo moja katikati ya mteremko na nyingine chini yake, upande wa kulia, ziwe alama za kupindia. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikafumba jicho moja, nikapima mstari. Nilipofumbua jicho nikakuta watu. Walikuwa wametoka mashambani, na mbele yao mama mmoja na jembe begani. Jina lake ni Bi Kadzo.

"Nani kakutuma?" akauliza.

"Hakuna, mama. Nateleza tu."

"Wote huanza hivyo. Leo fimbo, kesho vigingi, keshokutwa seng'enge."

Nikaelewa, na nikaona haya. Pwani hii kuna watu walioamka wakakuta vigingi kwenye mashamba ya babu zao. Mimi mzaliwa wa Likoni nilipaswa kulijua hilo kabla ya kuchomeka chochote kwenye ardhi ya watu bila hodi. Nikazing'oa fimbo zote mbili, nikaziweka miguuni pake. Nikamwambia, "Nimekosa. Nilipaswa kuja kwenu kwanza. Lakini niruhusuni niwaonyeshe nilichokuja kufanya, kisha mniamulie."

Akalishusha jembe. "Onyesha."

Nikapanda, nikavaa mbao, nikajisukuma. Mbao hazikwenda. Mafuta ya nazi yalikuwa yameukumbatia mchanga, ukashika kote chini yao kama sukari kwenye kaimati. Nikajisukuma kwa nguvu zaidi. Mbao zikabaki, mimi nikaenda. Nilianguka mbele, nikageuka, na sehemu iliyosalia ya mteremko nikaimaliza kwa makalio, buti zikiwa juu.

Bi Kadzo akawa wa kwanza kusema. "Mwacheni," akawaambia wenzake. "Huyu si mpimaji. Mpimaji hapimi ardhi kwa matako."

Walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Kisha, badala ya kurudi mashambani, wakaketi kwenye mchanga, upande wa kushoto wa mteremko, wakafungua madafu, wakasubiri niendelee. Bi Kadzo mwenyewe akaninyoshea dafu la kwanza.

Kahindi alileta mafuta ya taa tukayaondoa mafuta ya nazi, na dukani akanunua mishumaa. Tukazisugua mbao kwa nta ya mishumaa mpaka zikateleza mkononi. Mara hii nilipojisukuma, zilikwenda! Si kasi ya theluji, nisiwadanganye. Ni kasi ya mtu anayeteremka ngazi huku anakimbia. Lakini mlio ule wa ssss chini ya miguu, upepo wa bahari usoni, na mwili ukielea bila kupiga hatua, vilikuwa ni vile vile. Nilipiga kelele. Sikujua kwamba nimepiga kelele mpaka watazamaji wakanijibu.

Nilipinda kushoto bila tabu. Kulia nikaanguka. Nikapanda, nikashuka, kulia nikaanguka. Hata hivyo kuanguka kwenye mchanga hakuumi, na asiyeogopa kuanguka ana nafasi ya kufikiri. Nikagundua kwamba kupinda kulia kunataka uzito uwe mguu wa kushoto, na mguu wangu wa kushoto siuamini tangu nilipouvunja ujanani. Wakati wote nilikuwa nikiuhurumia.

Mutua alikuwa anapiga kelele kutoka chini kama anaongoza lori linalorudi nyuma. "Mzee! Unaangalia pale unaogopa! Dereva akiangalia mtaro, lori inaenda mtaroni! Angalia pale unataka kwenda!"

Nikaangalia kulia, nikaukanyaga mguu wa kushoto kwa uzito wangu wote. Mbao zikageuka kidogo, nusu ya kona, kisha nikaanguka. Nusu! Watu wakapiga vigelegele. Nikapanda tena, jasho linanitiririka, nikiwa na furaha ambayo mtu wa umri wangu hutarajia kuisikia kwa jirani tu.

Nilikuwa juu kabisa, nimeshajisukuma na mbao zimeshashika njia, nilipoona buibui jeusi linapita kati ya minazi kule chini.

Bi Saada alikuwa amepanda basi la alfajiri. Akauliza Mambrui kwa mzee mwenye mbao, na kila mtu akamwonyesha. Alikuja moja kwa moja mpaka mguuni mwa mteremko, kwenye njia yangu hasa, akasimama, mkoba kwapani.

"Mama Zuhura!" nikapiga kelele. "Toka njiani!"

"Sitoki!" akajibu. "Watu wameshanilia mjane. Nimekuja nione mwenyewe kama ni kweli!"

"Nakuja!"

"Njoo!"

Kushoto walikuwa wameketi Bi Kadzo na watu wake, na mbuzi. Kushoto hakukuwa na njia. Mbele alikuwa mke wangu, ambaye namjua: akisema hatoki, hatoki. Nilimwona Mutua ameshika mdomo kwa mikono miwili. Nikayaondoa macho kwa Bi Saada, na hilo wallahi lilikuwa gumu kuliko mteremko, nikayapeleka kulia, kwenye mchanga mtupu. Nikaukanyaga mguu wa kushoto bila huruma.

Mbao ziligeuka. Zikaja zote mbili kwa pamoja, zikalala ubavu, zikakwangua mchanga, na mimi juu yake wima, nikapungua, nikapungua, nikasimama. Wimbi la mchanga likaruka likamfunika Bi Saada kutoka magotini kwenda chini. Kati ya ncha za mbao na viatu vyake pangeweza kutandikwa mswala.

Nilikuwa nahema. "Nisamehe kwa jana," nikamwambia. "Ningesema neno moja tu pale sokoni, usingelia."

Bi Saada alikung'uta buibui lake polepole, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Akazitazama mbao zilivyolala. Akautazama mstari niliouacha nyuma, namna ulivyoshuka wima kisha ukakata kulia kama ndoana. Kisha akafungua mkoba, akapekua ndani, akatoa miwani yake, akaivaa.

"Panda tena," akasema. "Mara ya kwanza sikuona vizuri."